Lipidi na utando wa seli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha baiolojia, na kila mwaka tukifika mada ya utando wa seli maswali huwa yaleyale. Chanzo ni ule mchoro wa kitabuni: safu mbili za vichwa vya duara, kila kichwa kina miguu miwili, vimesimama kama askari wa gwaride. Mwanafunzi anaukariri, anapata maksi zake, anaondoka akiamini kwamba mafuta ya kwenye utando ni plasta ya kushikilia protini basi. Sivyo. Utando ukilegea au kukaza, ukipinda au kubaki bapa, ukivuja au kuzuia, mara nyingi sababu ni aina ya mafuta yaliyomo. Hapa nimekusanya maswali ya darasani, na mengine ya watu wazima ambao mara ya mwisho kushika kitabu cha baiolojia ilikuwa kidato cha nne.

Utando wa seli ni nini, kwa maneno ya kawaida?

Ni ngozi nyembamba mno inayoizunguka kila seli na kutenga ya ndani na ya nje. Unene wake ni kama nanomita 5. Ukitaka kupata unene wa karatasi moja ya daftari itabidi urundike tando kama 20,000. Umetengenezwa kwa lipidi, yaani mafuta na jamaa zake, na protini, na uwiano wake hutegemea kazi ya mahali husika. Katika seli nyekundu za damu viwili hivyo vinakaribia nusu kwa nusu kwa uzito. Ala ya mielini, inayozungushiwa neva kama plastiki juu ya waya wa umeme, karibu robo tatu yake ni lipidi, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuhami. Utando wa ndani wa mitokondria, sehemu ya seli inayozalisha nishati, ni kinyume: robo tatu protini, maana pale ni kiwandani na mashine zimebanana.

Ni nani anayezipanga lipidi safu mbili?

Hakuna anayezipanga. Maji ndiyo yanayofanya kazi hiyo.

Lipidi kuu ya utando ni fosfolipidi. Ina kichwa chenye fosfeti, kinachoelewana na maji, na mikia miwili mirefu ya kaboni na haidrojeni isiyoelewana nayo. Umeshaona matone ya mafuta juu ya mchuzi yanavyotafutana mpaka yanaungana kuwa tone kubwa. Si kwamba mafuta yanapendana sana. Molekuli za maji zinapenda kushikana zenyewe kwa zenyewe, na mafuta yakiwa katikati yanawaharibia, kwa hiyo yanasukumwa pembeni. Mikia ya fosfolipidi inasukumwa vivyo hivyo, ila vichwa vinakataa kuondoka majini. Suluhu inayobaki ni moja: mikia ielekeane ndani, vichwa vitazame maji pande zote mbili.

Hii ndiyo sababu utando ukitobolewa kidogo hujiziba wenyewe. Wataalamu wa uzazi huingiza sindano nyembamba ndani ya yai la mwanamke kupandikiza mbegu, wakaichomoa, na yai likaendelea na maisha yake. Jaribu hivyo kwa puto uone.

Mwalimu, walijuaje kwamba safu ni mbili, na hadubini ya wakati ule haikuweza kuziona?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake limepitia jikoni.

Mwishoni mwa karne ya 19, binti mmoja wa Kijerumani, Agnes Pockels, alikuwa akiosha vyombo nyumbani kwao Braunschweig. Chuo hakwenda, wanawake wa kwao hawakuruhusiwa wakati huo. Akatazama jinsi uchafu wa mafuta unavyobadilisha uso wa maji, akatengeneza kitrei cha bati chenye kipande cha kusogeza, na kuanza kupima ni eneo kiasi gani mafuta hutanda kabla uso wa maji haujabadilika ghafla. Aliandika matokeo yake kwa mwanafizikia Lord Rayleigh wa Uingereza, naye akahakikisha barua ile inachapwa katika jarida la Nature mwaka 1891. Irving Langmuir wa Marekani aliendeleza mbinu hiyo, akapima mafuta yaliyotanda unene wa molekuli moja tu.

Mwaka 1925, Waholanzi wawili wa Leiden, Evert Gorter na François Grendel, walichukua damu ya watu na ya wanyama kama mbwa, kondoo na mbuzi, wakatoa lipidi zote kwenye seli nyekundu kwa kutumia asetoni, wakazitandaza juu ya maji. Seli nyekundu ilikuwa chaguo la busara. Haina kiini wala mitokondria, kwa hiyo lipidi zake zote ni za utando wa nje. Walipolinganisha, eneo la mafuta lilikuwa kama mara mbili ya eneo la seli zenyewe. Hesabu ikajibu: safu mbili.

Tena kuna kituko. Walikosea mara mbili. Asetoni haikutoa lipidi zote, na eneo la seli walilikadiria dogo kuliko lilivyo kwa sababu walizipima zikiwa zimekauka. Makosa hayo mawili yakafutana, jibu likatoka sahihi. Wanafunzi wangu hufurahi sana wakisikia hivyo, nami huwaambia wasije wakanijaribia mtihanini.

Utando ni mgumu kama ganda la yai?

Hapana, ni kimiminika chembamba kilichotandaa. Lipidi moja hubadilishana nafasi na jirani yake mamilioni ya mara kwa sekunde, na inaweza kusafiri kutoka ncha moja ya bakteria hadi nyingine kwa sekunde moja au mbili.

Mwaka 1970 David Frye na Michael Edidin waliunganisha seli ya binadamu na seli ya panya zikawa seli moja, huku protini za nje za kila upande zikiwa zimetiwa rangi yake. Mwanzoni rangi zilikaa nusu kwa nusu. Baada ya kama dakika 40 kwenye joto la nyuzi 37 zilikuwa zimechanganyika kila mahali. Waliporudia kwenye baridi, mchanganyiko ukazorota. Yaani protini zilikuwa zinaelea, na kilichoamua kasi yake ni ulaini wa mafuta. Miaka miwili baadaye Singer na Nicolson wakatoa kielelezo kinachofundishwa mpaka leo, cha protini zinazoelea katika bahari ya lipidi.

Kuna mwendo mmoja tu ambao ni mgumu, nao ni kuruka kutoka safu ya ndani kwenda ya nje. Kichwa kinachopenda maji kitapitaje katikati ya mafuta? Fosfolipidi ikiachwa peke yake inaweza kuchukua saa nyingi, hata siku. Likumbuke hili, tutalirudia.

Kwa nini mafuta ya nazi yanaganda Njombe lakini Tanga hayagandi, na yanahusiana vipi na seli?

Wapo wanaodhani namtania nikiuliza hivi darasani. Nilipohamia nyanda za juu, dada yangu alinifungashia chupa ya mafuta ya nazi. Tanga yalikuwa yanamiminika kama maji. Asubuhi ya kwanza ya Juni nikakuta chupa imejaa kitu cheupe kama mshumaa, nikalazimika kuisimamisha kwenye sufuria ya maji ya moto ndipo nipate ya kujipaka. Mafuta ya alizeti yaliyokuwa kando yake hayakuonyesha dalili yoyote ya kuganda.

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi kama 24 hadi 25. Mikia yake imenyooka, kwa hiyo ikipoa hujipanga vizuri kama kuni kwenye mzigo na kushikana. Kinachoyafanya yayeyuke mapema kuliko mafuta ya ng'ombe ni ufupi: mkia wake mkuu una kaboni 12 tu. Mikia ya alizeti ni mirefu zaidi, kaboni 18, lakini imepinda katikati kwa sababu ya bondi mbili, yaani pale kaboni mbili zinaposhikana maradufu. Nani aliyewahi kufunga mzigo wa kuni zilizopinda ukakaza? Ndiyo maana hayagandi.

Utando wa seli unafuata kanuni hiyohiyo. Fosfolipidi ambayo mikia yake yote ni asidi ya palmitiki iliyonyooka hukaza ikishuka chini ya nyuzi 41. Nyingine yenye kichwa kilekile, lakini mikia ya asidi ya oleiki iliyopinda, hubaki laini hadi chini ya sifuri, karibu nyuzi 17 hasi. Tofauti ni kujipinda kwa mkia tu. Basi seli inayotaka utando laini huongeza mikia iliyopinda, na inayotaka utando mgumu zaidi huipunguza. Mwaka 1974 Michael Sinensky alionyesha kwamba bakteria *E. coli* wakioteshwa kwenye baridi hubadilisha mikia ya lipidi zao mpaka ulaini wa utando unarudi palepale ulipokuwa kwenye joto. Samaki wa maji baridi nao hufanya hivyo.

Ndizi ikiwekwa kwenye friji inakuwa nyeusi. Ni utando huo huo?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Mgomba ni mmea wa joto, na tando za seli zake zimepangwa kwa ajili ya joto. Chini ya nyuzi kama 13 ndizi huanza kuumia. Kwenye friji ya nyuzi 4 tando zinapoteza ulaini na kuanza kuvuja. Ndani ya seli kuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali, kinachowekwa mbali na kemikali fulani za ganda. Ukuta kati yao ukivuja vinakutana, na rangi ya kahawia hadi nyeusi ndiyo matokeo ya kukutana huko. Kabichi na karoti hazisumbuki kwa sababu asili yao ni nchi za baridi. Ndani ya ndizi mara nyingi bado panalika vizuri, usiitupe.

Kolesteroli si ndiyo ile mbaya? Inafanya nini kwenye utando?

Kolesteroli, au lehemu, imepakwa matope kupita kiasi. Bila hiyo seli ya mnyama haisimami. Katika utando wa nje wa seli zetu, kati ya lipidi kumi, tatu hadi nne huwa ni kolesteroli.

Umbo lake si kama la fosfolipidi. Ina kichwa kidogo sana, kisha bamba gumu la pete nne, kisha kamkia kafupi. Inajipenyeza katikati ya mikia ya jirani zake na kufanya kazi mbili zinazoonekana kupingana. Joto likipanda, bamba lile gumu huzuia mikia isicheze ovyo, utando hauwi mwepesi mno wala hauvuji sana. Joto likishuka, kolesteroli hiyohiyo huzuia mikia isipangike na kugandamana. Kwa hiyo utando hauna ile hatua ya ghafla ya kuganda kama chupa yangu ya Njombe.

Maneno ya hospitali kuhusu kolesteroli mbaya yanahusu kitu kingine: kolesteroli inayosafirishwa kwenye damu ndani ya vifurushi vya protini na mafuta, ambayo ikizidi hujikusanya kwenye kuta za mishipa. Michael Brown na Joseph Goldstein walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kueleza jinsi seli inavyovipokea vifurushi hivyo na kupunguza utengenezaji wake yenyewe inapotosheka. Hata kwenye utando, ikizidi ni tabu. Mgonjwa wa ini lililoharibika sana, seli zake nyekundu zinaweza kubeba kolesteroli kupita kiasi, zikaota miiba na kukakamaa, na bandama ikazivunja kabla ya wakati wake.

Ninachokula kinabadilisha tando zangu?

Kidogo, na polepole. Mafuta ya omega-3 ya dagaa na samaki wengine huonekana kwenye tando za seli nyekundu baada ya wiki kadhaa hadi miezi, na maabara huweza kuyapima humo. Lakini mwili unajirekebisha. Hauachi ulaini wa tando uamuliwe na sahani ya jana. Anayekuuzia unga wa kusafisha utando wa seli anataka hela yako.

Safu ya nje na ya ndani zinafanana?

Hazifanani hata kidogo, na hapa ndipo lile suala la kuruka linapoingia. Kwenye seli nyekundu, safu ya nje imejaa lipidi zenye kolini kichwani. Safu ya ndani ina nyingine, mojawapo ikiwa fosfatidilserini, yenye chaji hasi. Kuna protini maalumu zinazotumia nishati saa zote kuirudisha ndani kila inapochungulia nje. Kwa kuwa haiwezi kuruka kirahisi yenyewe, ikirudishwa hukaa.

Seli inajigharimu hivyo kwa sababu fosfatidilserini ikionekana nje ni tangazo. Seli iliyomaliza kazi na kujiua kwa utaratibu huiacha itoke nje, na seli walaji zinapoiona huja kuimeza. Chembe sahani za damu hufanya vivyo hivyo ukijikata kidole: kwa sekunde chache milango inafunguka, lipidi zinachanganyika, na chaji hasi iliyo nje inakuwa mahali ambapo vigandishi vya damu, vikisaidiwa na kalisiamu, vinatua na kufanya kazi. Damu hugandia juu ya lipidi. Sijui kwa nini vitabu vingi vinataja protini za kugandisha damu moja baada ya nyingine na kusahau uwanja zinapochezea.

Kwa wenye selimundu, baadhi ya seli nyekundu zinashindwa kuificha lipidi hiyo baada ya kujikunja na kujikunjua mara nyingi. Seli hizo hunata kwenye kuta za mishipa na kuchochea damu kuganda pasipotakiwa. Si chanzo cha ugonjwa, maana chanzo ni himoglobini, lakini ni sehemu ya maumivu yake.

Utando unapinda vipi kutengeneza vifuko?

Protini husaidia, lakini umbo la lipidi nalo lina neno. Lipidi yenye kichwa na mikia ya upana mmoja ni kama kopo, ukiyapanga unapata ubapa. Yenye kichwa kidogo na mikia iliyotanuka ni kabari. Ukizipanga nyingi upande mmoja utando unajikunja. Yenye mkia mmoja ni kabari iliyogeuzwa. Shikilia wazo hilo la kabari, linakuja tena kwa nyoka.

Lipidi zina uhusiano gani na kipimo cha kaswende?

Mkubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Kuna lipidi inaitwa kadiolipini, yenye mikia minne badala ya miwili. Makazi yake ni utando wa ndani wa mitokondria, ambako ni kama moja ya tano ya lipidi zote. Inasaidia mikunjo ya ndani ya mitokondria kukaa sawa na mashine za kuzalisha nishati kushikana. Watoto wa kiume wanaozaliwa na kasoro ya kuikamilisha kadiolipini huwa na moyo dhaifu, na ugonjwa wao huitwa Barth.

Mary Pangborn aliitenga kutoka moyo wa ng'ombe mwaka 1942. Jina lenyewe linatokana na moyo. Mtu mwenye kaswende hutengeneza kingamwili zinazoshika kadiolipini, kwa hiyo vipimo vya VDRL na RPR ni matone ya kadiolipini, lesitini na kolesteroli. Yakichanganywa na majimaji ya damu ya mgonjwa hugandamana vipandevipande. Kwa kuwa kinachotafutwa ni kingamwili dhidi ya lipidi na si mdudu mwenyewe, magonjwa mengine ya kinga ya mwili nayo huweza kuleta jibu chanya la uongo. Ndiyo maana mjamzito akipata jibu chanya la kipimo hiki, linathibitishwa kwa kipimo cha aina ya pili.

Je, lipidi zinaweza kuwa mlango wa ugonjwa?

Kipindupindu. Sumu ya bakteria wake ina sehemu tano zinazofanana, zimejipanga duara, na kila moja hushika lipidi yenye sukari iitwayo GM1 kwenye seli za utumbo. Haishiki protini, inashika lipidi. Ikishashika inaingizwa ndani, kipande cha sita kinavuruga seli, chumvi inamwagwa utumboni na maji yanaifuata kwa lita. Bakteria huyo ana ujanja wa ziada: ana kimeng'enya kinachokata sukari za lipidi nyingine jirani zigeuke kuwa GM1, yaani anaongeza milango kabla ya kugonga.

Sabuni inaua vipi virusi?

Virusi vya korona, Ebola, mafua na UKIMWI vimejifunika koti la lipidi walilochuna kwenye seli walikotoka. Sabuni nayo ina kichwa na mkia, ila mkia wake ni mmoja. Inajipenyeza kwenye koti kama kabari na kulisambaratisha. Virusi vya polio na rota havina koti, kwa hiyo sabuni haiviui. Inaving'oa mkononi, maji yanavibeba. Ndiyo maana kusugua na kusuuza ni muhimu, si kujipaka povu tu.

Na sumu ya swila?

Ndani ya sumu ya nyoka wengi, swila akiwemo, kuna kimeng'enya kiitwacho fosfolipasi A2. Kinakata mkia mmoja wa fosfolipidi. Kinachobaki ni lipidi ya mkia mmoja, ile kabari iliyogeuzwa, na utando uliojaa kabari hizo unapoteza mpangilio na kuvuja. Swila anayetema ana protini nyingine ndogo zinazotoboa tando. Utafiti uliochapwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kimeng'enya hiki kinaziongezea nguvu protini hizo za kuamsha neva za maumivu, na kwamba swila wanaotema wa Afrika na wa Asia, pamoja na jamaa yao wa Afrika Kusini, waliufikia ujanja huo kila kundi kivyake. Akikutemea jichoni, osha kwa maji mengi safi mara moja na uende hospitali. Usisugue.

Dawa ya fangasi inajuaje kuacha seli zangu?

Fangasi hawatumii kolesteroli, wanatumia binamu yake, egosteroli. Amfoterisini B hushikana na egosteroli kuliko kolesteroli, na flukonazoli huzuia egosteroli isitengenezwe. Tofauti kati ya binamu hao ni ndogo, ndiyo maana amfoterisini ya zamani iliumiza sana figo. Siku hizi inafungwa ndani ya vifuko vya lipidi, liposomu, ambazo Alec Bangham alizieleza kwa mara ya kwanza Uingereza miaka ya 1960. Baada ya jaribio lililofanyika Uganda, Malawi na nchi nyingine za Afrika, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 dozi moja kubwa ya dawa hiyo ya liposomu, pamoja na vidonge, kwa homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi aitwaye kriptokoka kwa watu wenye VVU. Mafuta yanabeba dawa ya kushambulia mafuta.

Nimesikia habari za utando na malaria kutoka Kilifi, Kenya. Ni kweli?

Ni kweli. Watafiti walioko Kilifi pamoja na wenzao wa Uingereza walichunguza kundi la damu liitwalo Dantu, ambalo ni adimu duniani lakini maeneo ya huko karibu mtu mmoja kati ya kumi ana nakala ya jeni yake. Mwenye Dantu ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Mwaka 2020 walionyesha sababu: utando wa seli zake nyekundu umekazwa zaidi. Kimelea huingia kwa kujifungia ndani ya utando wa seli kama mtu anayejiviringisha kwenye shuka, na shuka iliyovutwa sana haiviringiki. Chanzo cha Dantu ni badiliko la protini, si la lipidi, nakubali. Lakini nimeiweka hapa kwa sababu inaonyesha kwamba mkazo wa utando peke yake unaweza kumzuia kimelea mlangoni.

Nawezaje kuona haya bila maabara?

Nunua bitiruti moja. Kata vipande vidogo vya ukubwa sawa, visuuze mpaka maji yatoke safi, kisha weka kimoja kwenye glasi ya maji ya kawaida, kimoja kwenye maji ya moto ambayo huwezi kuyavumilia mkononi, kimoja kwenye spiriti, kimoja kilichokaa kwenye friza usiku kucha. Rangi nyekundu ya bitiruti hukaa kwenye mfuko ndani ya seli, imezungukwa na tando mbili. Ikionekana nje, tando zimeshindwa. Subiri dakika 20. Glasi ya kwanza karibu haina kitu. Ya moto na ya spiriti zinageuka nyekundu. Ya friza huwashangaza wengi, maana barafu imepasua tando na kipande kikiyeyuka kinamwaga rangi, hata kwenye maji baridi. Mwaka jana msichana mmoja wa kidato cha tatu aliongeza glasi ya tano kwa hiari yake, maji yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Akaiacha juu ya dawati langu mpaka kengele ya chakula cha mchana, na tuliporudi maji yalikuwa mekundu.